Kunyoosha Mguu Mzima kwa Faida ya Ule Uliofungwa Plasta

Ukipita katika wodi za mifupa za hospitali kubwa za Kisumu, Kakamega au Nakuru, si ajabu kumkuta kijana aliyeanguka na bodaboda, mguu mmoja umefungwa plasta kutoka vidoleni hadi chini ya goti, na wa pili hauna hata mchubuko. Anaporudishwa nyumbani huambiwa asiukanyagie mguu uliovunjika mpaka siku ya kliniki, na kwa kuwa mara nyingi haambiwi lolote kuhusu ule mwingine, hukaa wiki sita au zaidi bila kuufanyisha kazi yoyote isipokuwa kurukaruka kwa magongo kwenda msalani na kurudi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wiki hizo. Unaeleza jinsi ya kunyoosha na kuimarisha mguu mzima, yaani ule usioumia, au mkono mzima, kwa namna itakayokifaa kiungo cha pili ambacho hakiwezi kuguswa, na unaeleza pia ni wapi faida hiyo hukomea, kwa sababu mgonjwa aliyeahidiwa makubwa akayakosa huacha mazoezi yote, yakiwemo yale ambayo yangemsaidia.

Swali la kwanza la mama anayemuuguza mwanawe huwa moja: “Daktari, mguu unaouma ni huu, mbona unatushughulisha na ule?” Ni swali la haki, na jibu lake lina njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mifupa, na ya pili ni ya neva. Nitaanza na ile ya mifupa kwa sababu unaweza kuiona kwa macho yako leo hii.

Njia ya mifupa

Ikiwa miguu yako yote ni mizima, lala chali juu ya mkeka au godoro gumu, miguu yote ikiwa imenyooka. Shika goti la kulia kwa mikono yote miwili, ulivute taratibu hadi karibu na kifua, kisha mwombe mtu auangalie mguu wako wa kushoto. Kwa watu wengi, hasa wale wanaoshinda wameketi, paja la kushoto litainuka kidogo kutoka kwenye mkeka, au watahisi kitu kikivuta kwenye kinena cha kushoto, ingawa hakuna aliyeugusa mguu huo. Sababu ni kwamba mifupa ya nyonga imeungana kwa mbele na kwa nyuma, na hivyo husogea kwa pamoja. Unapolivuta paja la kulia juu, nyonga nzima huzunguka kuelekea nyuma, mgongo wa chini hulala mkekani, na ule msuli mnene unaotoka kwenye pingili za kiuno kushuka hadi paja la kushoto hujikuta umevutwa. Hugh Owen Thomas, tabibu wa mifupa wa karne ya 19 aliyefanya kazi katika jiji la Liverpool, Uingereza, aliitumia hali hii kugundua nyonga zilizokakamaa ambazo mgonjwa mwenyewe alikuwa akizificha bila kujua kwa kuupinda mgongo wa chini uinuke kutoka kitandani, na mpaka leo kipimo hicho kinaitwa kwa jina lake.

Kwa mtu mwenye plasta iliyo chini ya goti, jambo hili lina matumizi ya moja kwa moja. Anayekaa kitini siku nzima, mguu ukiwa juu ya kigoda, nyonga zake hubaki zimekunjwa, na siku ya kusimama hutembea ameinama mbele. Basi alale chali mara mbili kwa siku, mguu wenye plasta ukiwa umelala umenyooka kitandani bila kubebwa na mto, kisha alivute goti la mguu mzima kifuani kwa sekunde 30, apumzike kidogo, na kurudia mara tatu au nne. Paja la upande wa plasta libaki limegusa godoro. Likiinuka, alegeze kidogo. Kwa namna hiyo nyonga ya mguu uliovunjika hunyooshwa bila mtu yeyote kuushika mguu wenyewe. Zoezi hili halimfai aliyevunjika paja, nyonga au kiuno, wala aliyewekewa uzito wa kuvuta mguu, mpaka daktari wake aliruhusu.

Njia ya neva

Mtu akikanyaga mwiba shambani, mguu uliochomwa huinuka kabla hajajua kilichotokea, na papo hapo mguu wa pili hujikaza ili umbebe asianguke. Hakuna aliyeamua. Habari ya maumivu imeingia katika uti wa mgongo kwa upande mmoja, na humohumo imevuka hadi upande wa pili na kuiamuru misuli ya kunyoosha goti ifanye kazi. Mwingereza Charles Sherrington, ambaye mwaka 1932 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Edgar Adrian, ndiye aliyeichunguza kwa kina mipango hii ya uti wa mgongo, na alionyesha kwamba mguu mmoja hauwezi kuvutwa, kuchomwa au kukunjwa bila wa pili kupata habari.

Juu ya uti wa mgongo upo ubongo, na huko mambo ni yaleyale. Sehemu kubwa ya nyuzi za neva zinazoshuka kutoka ubongoni kuendesha misuli huvuka upande, ndiyo maana upande wa kushoto wa ubongo huendesha mkono wa kulia. Lakini sehemu ndogo haivuki, na isitoshe, upande mmoja wa ubongo unapofanya kazi ngumu, ule wa pili nao huamshwa. Mwaka 1894, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, Edward Scripture na wenzake walichapisha majaribio ambamo mkono mmoja ulizoezwa kwa siku kadhaa kukamua kwa nguvu, na ule wa pili, uliokuwa umepumzishwa, ukapimwa na kuonekana nao umeongezeka nguvu. Tangu hapo jambo hilo limethibitishwa mara nyingi. Uchambuzi uliojumlisha tafiti za aina hiyo mwaka 2004 ulikadiria kwamba kiungo kisichozoezwa huongezeka nguvu kwa takriban asilimia 8, na mwingine wa mwaka 2017 ukakadiria takriban asilimia 12, yaani kati ya theluthi na nusu ya faida inayopatikana katika kiungo kilichofanya kazi.

Hayo ni mazoezi ya nguvu. Je, kunyoosha misuli peke yake? Hapa upo utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 ambao naona kila anayefundisha mazoezi angepaswa kuujua. Vijana walinyoosha shavu la mguu mmoja tu, siku tatu kwa wiki kwa wiki 10, kila mara wakilivuta kwa sekunde 30 mara nne. Shavu lililonyooshwa liliongezeka nguvu kwa asilimia 29 na kupata asilimia 8 zaidi ya uwezo wa kujikunja kwenye kifundo. Shavu la mguu wa pili, ambalo halikunyooshwa hata siku moja, liliongezeka nguvu kwa asilimia 11. Lakini kifundo chake hakikulegea hata kidogo, bali kilipungukiwa kwa asilimia moja hivi.

Tafadhali uisome sentensi hiyo ya mwisho mara ya pili, kwa sababu ndani yake ndimo mlimo mpango wote ninaoueleza hapa. Kinachovuka kutoka mguu mmoja hadi mwingine ni kazi ya neva: uwezo wa ubongo na uti wa mgongo kuiita misuli ikaja kwa wingi. Urefu wa misuli hauvuki, wala ulaini wa kano, wala majimaji ya ndani ya kiungo, kwa maana hayo ni mali ya nyama yenyewe, na nyama isiyovutwa haijui kama jirani yake amevutwa. Kwa hiyo anayekwambia kwamba ukiunyoosha mguu wa kulia, ule wa kushoto utatoka kwenye plasta ukiwa laini, anakudanganya, hata kama nia yake ni njema. Utatoka umekakamaa. Lakini unaweza kutoka ukiwa na nguvu zaidi kuliko ambavyo ungekuwa, na tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kuanza kuutumia mapema.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu. Ukiunyoosha mguu mmoja kwa dakika kadhaa kisha ukaupima wa pili papo hapo, mara nyingi utaukuta umefika mbele zaidi kidogo. Faida hii ni ya muda mfupi, na huonekana zaidi muda wote wa kunyoosha unapozidi dakika nne. Msuli wa mguu wa pili haujarefuka; ubongo ndio uliokubali kuvumilia mvuto zaidi kabla ya kulalamika.

Jinsi ya kujipima nyumbani

Anayetaka kuona jambo hili mwenyewe, na hasa mwalimu wa michezo au mwanariadha asiye na jeraha, anaweza kujipima kwa ukuta na rula. Bandika rula au futi ya fundi cherehani sakafuni, mwanzo wake ukigusa ukuta. Vua viatu. Weka mguu wa kushoto juu ya futi hiyo, kidole gumba kikielekea ukutani, kisha kunja goti mpaka liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Likigusa kwa urahisi, rudisha mguu nyuma kidogo na ujaribu tena, mpaka upate umbali wa mwisho ambao goti linagusa na kisigino bado kimekaa chini. Andika umbali huo kutoka ukutani hadi ncha ya kidole gumba. Kila sentimita moja ni sawa na takriban digrii 3.6 za kifundo, kwa hiyo usiidharau nusu sentimita.

Fanya vivyo hivyo kwa mguu wa kulia. Kisha nyoosha shavu la mguu wa kulia tu: simama ukiegemea ukuta, mguu wa kulia nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, ukae hivyo kwa dakika moja, upumzike nusu dakika, urudie mpaka utimize mara tano. Mguu wa kushoto uwe mbele, umelegea, kisigino chake kikiwa chini na goti limekunjwa kidogo tu, ili nao usije ukavutwa kwa bahati mbaya. Mara tu baada ya hapo pima mguu wa kushoto tena.

Lipo kosa ambalo wengi hulifanya hapa. Kule kujipima kwenyewe ni kunyoosha, na mguu uliopimwa mara tatu mfululizo utasogea mbele hata kama hukuunyoosha mguu wowote. Ndiyo maana inakubidi uchague siku nyingine, saa ileile, ujipime, uketi kwa dakika nane bila kufanya kitu, kisha ujipime tena. Ongezeko la siku ya kukaa bure ulitoe katika ongezeko la siku ya kunyoosha. Kinachobaki ndicho kilichotoka mguu wa pili. Joto nalo huchangia: kifundo cha saa nane mchana mjini Kisumu si sawa na kifundo cha saa kumi na mbili alfajiri huko Nakuru au Eldoret, kwa hiyo usilinganishe vipimo vya saa tofauti.

Mpango wa mwenye plasta mguuni

Ningependa mpango huu usomwe na mgonjwa pamoja na anayemuuguza, na kabla haujaanza uonyeshwe kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia aliyemhudumia, kwa sababu yeye ndiye anayejua mfupa umekaaje. Katika siku za mwanzo, mguu ukiwa bado umevimba na unauma sana, kazi ni kuuinua juu ya mto na kuvichezesha vidole. Maumivu yakishatulia na mgonjwa akawa anakaa mwenyewe kitandani, ndipo mguu mzima unaweza kuanza kazi.

Aketi kitandani, mgongo umeegemea ukuta, miguu imenyooka mbele. Mguu wenye plasta uwekwe juu ya mto, kisigino kikiwa hewani kisigandamizwe. Achukue leso au shuka iliyokunjwa kwa urefu, aipitishe chini ya wayo wa mguu mzima, pale nyama ya vidole inapoanzia, ashike ncha zote mbili na kuvuta kuelekea kwake huku goti likibaki limenyooka. Avute mpaka ahisi mvuto ulio wazi nyuma ya shavu, usiofika kuwa maumivu, akae hapo kwa sekunde 30 akipumua kwa utulivu, alegeze, na kurudia mara nne. Kisha aweke mto mdogo chini ya goti hilo ili likunjike kidogo, avute tena mara nne; safari hii mvuto utashuka karibu na kisigino, kwa sababu chini ya msuli wa juu wa shavu kuna mwingine ambao hautoki juu ya goti, na huo nao una sehemu yake katika kutembea.

Misuli ya nyuma ya paja huinyoosha akiwa amelala chali, leso ikiwa bado kwenye wayo, akiuinua mguu mzima polepole ukiwa umenyooka mpaka uanze kuvuta. Misuli ya mbele ya paja naiacha kwa makusudi. Mkao wake humlazimu mgonjwa kulalia upande au tumbo, na kwa mtu mwenye plasta nzito taabu ya kugeuka haina malipo ya kutosha.

Baada ya kunyoosha, na hii ndiyo sehemu ambayo nisingekubali irukwe, mguu mzima ufanye kazi ya nguvu. Kunyoosha kwa leso huleta faida, lakini kukaza misuli dhidi ya uzito ndiko kulikothibitishwa zaidi. Hakuna haja ya vifaa vya bei. Tyubu kuukuu ya baiskeli, ambayo fundi wa kando ya barabara atakupa kwa fedha kidogo au bure, ikatwe kwa urefu na kuoshwa kwa sabuni, kisha ikaguliwe kama ina nyufa, kwa sababu ikikatika ghafla itampiga mtu usoni. Aipitishe chini ya wayo kama leso ile, ashike ncha kwa nguvu, na safari hii asukume wayo mbele, kama anayekanyaga mafuta ya gari. Arudi polepole akihesabu moja hadi nne. Kule kurudi polepole, ambako msuli unafanya kazi huku ukirefuka, ndiko kunakovusha nguvu nyingi zaidi kwenda upande wa pili, kwa hiyo asiache tyubu imrudishe yenyewe. Afanye mara nane hadi kumi na mbili, apumzike dakika mbili, na kurudia mpaka itimie mizunguko mitatu au minne. Mara mbili za mwisho katika kila mzunguko ziwe ngumu kweli. Zikiwa rahisi, akunje tyubu iwe fupi zaidi. Kisha tyubu ifungwe kwenye nguzo ya kitanda upande wa miguuni, na mgonjwa avute wayo kuelekea kwake kwa hesabu ileile. Siku tatu kwa wiki zinatosha, zikiachana kwa siku moja ya kupumzika.

Wakati mguu mzima unasukuma, mgonjwa aufikirie mguu ulio ndani ya plasta nao ukisukuma, bila kuukaza. Huku si kujiliwaza. Mwaka 2014 watafiti wa Ohio, Marekani, waliwafunga watu wazima wenye afya njema plasta ya mkono kwa wiki nne. Wale waliotakiwa kufikiria kwa makini, siku tano kwa wiki, kwamba wanaukaza mkono huo, walipoteza karibu nusu tu ya nguvu waliyopoteza wale waliokaa bure. Kinachonivutia katika habari hii ni kwamba haimgharimu mgonjwa chochote, na inaweza kufanywa hata na mama mzee ambaye hana nguvu ya kuvuta tyubu.

Jambo la mwisho katika mpango huu ni usalama wa nyumba. Mgonjwa asifanye mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja akiwa peke yake. Katika vilima vya Vihiga na Kisii, msimu wa masika, ua huwa tope tupu, na gongo linaloteleza linaweza kuuvunja hata huo mguu mzima.

Ikiwa kilichovunjika ni mkono

Mtu anapoteleza huanguka kwa kiganja, na kwa wanawake waliokwisha kupita miaka 50, ambao mifupa yao imeanza kupungua uimara, mara nyingi kinachovunjika ni mfupa ulio juu kidogo ya kifundo cha mkono. Utafiti uliochapishwa Kanada mwaka 2013 uliwahusu wanawake wa namna hiyo hasa. Kundi moja liliongezewa mazoezi ya kukamua kwa nguvu kwa mkono mzima juu ya huduma ya kawaida, na lingine likapewa huduma ya kawaida tu. Ilipofika wiki ya 12 baada ya kuvunjika, mikono iliyovunjika ya kundi la kwanza ilikuwa na nguvu zaidi na ilikunjika vizuri zaidi. Ilipofika wiki ya 26 makundi yote mawili yalikuwa sawa. Wapo watakaosema basi hakuna maana. Mimi naona kwamba kwa mama anayefua, anayesonga ugali na anayebeba mjukuu, kuupata mkono wake mapema si jambo dogo hata kidogo.

Namna ya kufanya ni rahisi. Kwa mkono mzima akamue soksi nene iliyoviringishwa, kwa nguvu yote aliyonayo, kwa sekunde tatu hadi tano, kisha aachie polepole. Arudie mara nane katika mzunguko mmoja, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Kunyoosha ni kuweka kiganja mezani, vidole vikielekea mbele, na kuegemea taratibu. Hata hivyo vidole, kiwiko na bega la mkono uliovunjika visiachwe vingoje msaada wa jirani. Vyenyewe viko nje ya plasta, na vichezeshwe kila siku mara nyingi, bega liinuliwe hadi juu ya kichwa ikiwa daktari hakukataza. Bega lililokakamaa kwa sababu ya mkono uliofungwa kwenye kitambaa shingoni hunipa uchungu kila ninapoliona, kwa kuwa lingezuilika kwa dakika tano za kila siku.

Aliyepooza upande mmoja

Watafiti wa Kanada, mwaka 2013, waliwazoeza watu waliopooza kwa kiharusi kuvuta wayo juu kwa mguu ule wenye nafuu, kwa wiki sita, na nguvu ikaongezeka katika miguu yote miwili, ukiwemo ule uliodhoofika zaidi. Hilo ni tumaini la kweli. Lakini kwa mgonjwa wa kiharusi ipo hatari ambayo mwenye plasta hana: anapojikakamua kupita kiasi kwa upande mzima, mkono uliopooza unaweza kujikunja wenyewe kifuani na vidole kufunga ngumi, na mkazo huo ukizoeleka huwa kikwazo. Anayemuuguza auangalie mkono huo wakati wa zoezi. Ukianza kujikunja, nguvu ipunguzwe mpaka utulie, na asibane pumzi, hasa ikiwa ana shinikizo la damu, kwa kuwa kubana pumzi hulipandisha ghafla.

Dalili za kusimamisha

Nilisema kwamba mguu mmoja hauvutwi bila wa pili kupata habari. Mara nyingine habari hiyo ni onyo. Mtu mwenye maumivu yanayotoka kiunoni kushuka mguu wa kushoto, akilala chali na kuinua mguu wa kulia ulionyooka, kisha maumivu yakachoma mguu wa kushoto, hiyo ni dalili nzito kwamba kuna kisahani cha uti wa mgongo kilichotokeza na kugandamiza mzizi wa neva. Madaktari huiamini sana dalili hii, kwa sababu ni nadra kuonekana kwa mtu asiye na tatizo hilo. Asiendelee kunyoosha mguu wowote; aende hospitali akapimwe. Akiwa pia anapoteza hisia sehemu anazokalia, au mkojo umekataa au unatoka bila habari, aende siku hiyohiyo.

Kwa mwenye plasta, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yasiyosikia dawa, na yanayopanda vidole vya mguu huo vinaponyooshwa hata kidogo, ni dharura ya saa chache, maana misuli iliyo ndani huenda inakosa damu. Vidole vikiwa baridi, vya rangi isiyo ya kawaida au vimekufa ganzi, ni vivyo hivyo. Asingoje asubuhi. Vilevile shavu la mguu wowote likivimba, likawa la moto na kuuma bila sababu, au mgonjwa akashikwa na kichomi kifuani na pumzi kukata, damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa, na hapo asilikande wala kulinyoosha.

Siku plasta inapotolewa

Mguu utatoka mwembamba, ngozi imebabuka, na kifundo hakitakunjika. Hiyo ni kawaida, na haimaanishi kwamba mazoezi ya mguu wa pili yalikuwa bure. Kuanzia siku hiyo kazi hubadilika upande. Mara daktari anapothibitisha kwamba mfupa umeshika na kutoa ruhusa ya kukanyaga, mguu uliokuwa ndani ndio unaonyooshwa sasa, kwa leso ileile na kwa sekunde zilezile 30 mara nne, kila siku, baada ya kuuloweka katika maji ya uvuguvugu ikiwa hauna kidonda. Mguu mzima uendelee na tyubu kwa wiki chache, siku hizohizo tatu, mpaka ule uliovunjika uweze kusukuma tyubu yenye urefu uleule kwa mara nane bila kutetemeka. Zikitimia, mazoezi ya upande mmoja hayana kazi tena, na miguu yote miwili ifanye kwa pamoja.

Kile kipimo cha goti na ukuta ndicho kitakachokuongoza kwa miezi inayofuata. Pima miguu yote miwili mara moja kwa wiki, saa ileile, na uandike. Tofauti ikibaki zaidi ya sentimita mbili kati ya mguu na mguu, kifundo bado kinahitaji kunyooshwa chenyewe, na anayetaka kurudi kwenye mpira, mbio au kupanda ngazi za jengo akiwa na mzigo angoje. Tofauti ikiacha kupungua kwa wiki tatu au nne mfululizo, arudi kwa mtaalamu wa fiziotherapia na daftari lake mkononi, ili aangaliwe kama kinachozuia ni msuli, au ni kiungo chenyewe.